Alifuta hukumu za kifo 167 kisha akaenda jela mwenyewe: George Ryan tumuweke wapi?

George Ryan, gavana wa zamani wa jimbo la Illinois huko Marekani, alifariki mwezi wa 5 mwaka 2025 akiwa na miaka 91, na mpaka leo akitajwa watu wanagawanyika, hawa shujaa, wale fisadi tu.

Jamaa hakuwa mwanaharakati hata kidogo. Mfamasia wa Kankakee, Republican wa kawaida kabisa, na mwaka 1977 akiwa mbunge wa jimbo alipiga kura adhabu ya kifo irudishwe. Kilichomtikisa ni hesabu, maana toka irudi jimbo lilikuwa limeua watu 12 lakini wengine 13 waliokuwa wanasubiri kuuawa hukumu zao zikaja kubatilishwa wakaachiwa, yaani makosa yamezidi utekelezaji! Anthony Porter, mmoja wa hao 13, alibakiza kama siku mbili tu auawe, mahakama ikasimamisha. Basi Januari 2000 Ryan akasimamisha unyongaji wote jimboni, na Januari 2003 siku mbili kabla ya kuachia ofisi akafuta hukumu za kifo zote 167, karibu wote wakabaki na kifungo cha maisha. Familia za waliouawa zilikasirika sana na mi siwalaumu, maana kesi nyingine hazikuwa na utata wowote ila zikapitishwa kwa pamoja na zile mbovu.

Sasa upande wa pili. Kabla ya ugavana alikuwa Katibu wa Jimbo, ofisi inayotoa leseni za udereva, na chini yake leseni za malori zilikuwa zinauzwa kwa rushwa na sehemu ya hela inaingia kwenye mfuko wake wa kampeni. Mwaka 1994 kipande cha chuma kilidondoka toka kwenye lori huko Milwaukee kikatoboa tenki la gari la familia moja, likawaka, watoto 6 wakafa, na dereva wa lile lori leseni yake ilihusishwa na hiyo hiyo rushwa. Mkaguzi wa ofisi, rafiki yake Ryan wa siku nyingi, baadae alikiri kosa la kuzuia uchunguzi. Ryan mwenyewe akakutwa na hatia 2006, miaka sita na nusu jela.

Wakosoaji wanasema alifuta zile hukumu ili ajisafishe kwa sababu wapelelezi walikuwa wameshamkaribia. Inawezekana, uchunguzi ulikuwa umeanza hata kabla hajaapishwa. Lakini hii hoja mi naiona nyepesi kidogo, kwanza haikumsaidia chochote mahakamani, pili kama mtu alihukumiwa kwa kukiri baada ya kuteswa na polisi wa Chicago (na Ryan aliwasamehe wanne wa aina hiyo) nia ya aliyemtoa inamhusu nini?

Kinachonisumbua mimi ni kingine kabisa. Huyu mtu alikuwa na akili ya kuona mfumo wa serikali unakosea na unaua, aliuona vizuri kwenye mahakama za wenzake, ila ofisini kwake mfumo huo huo ulipoua watoto uchunguzi ukazimwa. Hapo ndo namkatalia ushujaa wa jumla jumla, ingawa zile 167 simnyang'anyi. Mwaka 2011 Illinois ikaifuta kabisa adhabu ya kifo kisheria, gavana Pat Quinn ndo aliyesaini, Ryan yuko ndani anatumikia kifungo.