Meno ya Mama Mkwe

Ukimfundisha mtoto jambo, omba asilielewe sana.

Mwanangu wa darasa la pili alirudi shuleni na somo la viluwiluwi. Kumbe mbu wa homa ya dengu hahitaji bwawa. Kifuniko cha chupa chenye maji kinamtosha, na anauma mchana kweupe, chandarua kikiwa kimekunjwa. Tangu hapo nyumba ikapata bwana afya. Ndoo zikafunikwa, visahani vya vyungu vya maua vikamwagwa na kusuguliwa, maana mayai ya mbu hung'ang'ania ukutani mwa chombo hata maji yakikauka. Mimi nikawa nikimsifu kwa wageni.

Mgeni mmojawapo alikuwa mama mkwe. Jioni moja alivua meno yake ya bandia, akayalaza kwenye glasi ya maji, naye akajinyoosha kidogo. Bwana afya akapita na ukaguzi wake. Glasi haina kifuniko! Akaimwaga yote dirishani.

Mama mkwe kwa kawaida huongea kwa kituo kama hakimu. Jioni ile ikatoka: "Baba, nani kashogeja glashi yangu?" Nikajibu nikiwa nimelitazama zulia. Mdomo wa mkwe hautazamwi hovyo, sembuse ukiwa mtupu.

Nikatoka na bukta, nikapiga magoti nyasini. Ilikuwa magharibi: mbu wa dengu hajaenda kulala, wa malaria ndiyo anaamka, zamu mbili zimekutana miguuni mwangu. Mdudu ana mrija tu, lakini alivyonitafuna, ungedhani ndiye aliyeyaokota meno yale. Mke wangu alishika tochi, ila kicheko kilimtetemesha mpaka mwanga ukawa unacheza ngoma.

Tuliyakuta kwenye kopo kuukuu lililojificha kichakani, limejaa maji ya mvua. Yalikuwa yanatabasamu, viluwiluwi wakijipinda pembeni.

"Bibi," mwanangu akasema kwa huzuni ya kiofisi, "yameshapata viluwiluwi."

"Maji yangu nabadilisha kila shiku!" mama mkwe akafoka. "Yai mpaka mbu ni kama shiku 7 hadi 10. Huyo angekulia lini kwenye glashi?"

Hoja ilikuwa nzito, tatizo ni matamshi. Mtoto akamletea kisahani cha kufunikia.

Meno yakasuguliwa kwa brashi na sabuni mpaka mama mkwe akaridhika. Siku hizi glasi hulala naye ndani ya chandarua chenye dawa, kingo zimechomekwa chini ya godoro pande zote. Mimi mguu wangu bado unachungulia nje.