Gari halikuniacha, nilichelewa mimi

Wana Kuchele wa Mtwara, na nyie wa Lindi, Masasi, Newala na kote Kusini, salamu sana. Mi niko huku Ujerumani mwaka wa sita sasa, nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu na leo nalisema, maana naona linatumaliza na tunalichukulia kama mazoea tu.

Tusikilize kwanza tunavyoongea. Kwetu mtu hachelewi, gari linamuacha. Hela hatutumii, zinaisha. Kikombe hatuvunji, kinavunjika. Ukibeti ukaliwa hela ya chakula cha watoto unasema mkeka umechanika, kijana akimpa mtoto wa watu mimba anasema ni bahati mbaya, na mtu mzima akifanya la aibu kabisa wazee wanakaa kikao wanaambiwa shetani kampitia na kikao kinaisha hapo. Nimezaliwa Tandahimba nikasomea Mtwara mjini, nimeongea hivi maisha yangu yote na sikuwahi kujisikia.

Nilijisikia huku. Zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili kamili, mi nikafika na dakika ishirini, nikasema basi limeniacha. Mkuu wa zamu akaniuliza ulitoka nyumbani saa ngapi. Nikamwambia basi limeniacha, kituoni pale linapita moja tu muda ule. Akauliza tena vilevile, hana hasira wala nini, ulitoka nyumbani saa ngapi. Nikageuka nikamuona mama wa zamu ya usiku amekaa kwenye kiti na koti lake keshavaa, ananisubiri mimi nimpokee zamu, hawezi kuondoka mpaka akabidhi wagonjwa, na usiku mzima hajalala. Basi halikumkalisha pale yule mama. Nilimkalisha mimi.

Kazini kwetu kila kidonge unachompa mzee unaandika na unasaini jina lako na saa. Ukimgeuza kitandani asipate vidonda unaandika. Usipoandika inahesabika hujafanya. Miezi ya mwanzo nilikua naona wananionea, hawaniamini sababu ni mweusi, na nilimwambia kila aliyenipigia simu kutoka nyumbani kwamba wazungu wananifuatilia. Ubaguzi upo, sikatai, nimekutana nao kwenye treni na kwenye kutafuta nyumba. Lakini lile daftari Mjerumani analisaini kama mimi. Nilikua sijazoea tu jina langu kukaa pembeni ya kitu nilichokifanya.

Alafu kuna barua. Huku serikali na kila mtu wanawasiliana kwa barua za karatasi, sanduku linajaa. Kila nyumba inalipia ada ya redio na televisheni za umma, yuro 18.36 kwa mwezi, uwe na tivii usiwe nayo. Mi zile barua nilikua naziweka juu ya friji bila kufungua sababu Kijerumani chake kigumu na nikajiambia tivii sina, hazinihusu. Miezi 8. Ikaja ya deni, karibu yuro 147 na nyongeza ya kuchelewa juu yake. Nikapiga simu nimepaniki nasema sikujua, hakuna aliyeniambia. Dada wa upande wa pili akanisomea tarehe za barua moja baada ya nyingine, taratibu tu. Zote nilikua nazo, juu ya friji. Nilikata simu nikakaa chini jikoni, na kilichoniuma sio hela, ni kwamba nimetamka "hakuna aliyeniambia" kwa uhakika kabisa na barua naziona.

Sasa nirudi nyumbani, na naomba msinielewe vibaya. Sio nasema Kusini tuna uvivu, anayesema hivyo hajawahi kuamka alfajiri kupulizia salfa mikorosho mwezi wa saba. Na kuna mambo ambayo huwezi kumwambia mtu mmoja mmoja ajitazame. Vurugu za gesi 2013, za kupinga bomba la kwenda Dar, nilikuwepo, Mtwara ile nyumba zimechomwa na watu wamekufa, na swali watu walilokua wanauliza lilikua la haki, gesi inatoka Mnazi Bay hapo kwetu sisi tunabaki na nini. Msimu wa korosho wa 2018 bei ya mnadani ikagomewa, serikali ikatangaza inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, jeshi likaja kubeba korosho, na kuna wakulima walisubiri malipo yao mpaka wakauza mbuzi. Haya sio makosa ya mkulima wa Kitangari.

Lakini mi baada ya 2013 nilikaa kijiweni Magomeni ya hapo Mtwara miaka miwili mizima nasema nasubiri gesi. Bomba limeisha 2015 limeenda Dar, mi bado niko kijiweni. Serikali ilinifanyia niliyokua nalalamikia, sawa, ile miaka miwili nani aliila? Kulikua na uvuvi, kulikua na shamba la mama, kulikua na kozi za ufundi. Sikugusa. Nilikua na malalamiko ya kweli na nikayafanya kitanda nikalala juu yake. Hapo ndo napopaona pabaya, pale ambapo umeonewa kweli, maana una ushahidi na hakuna anayeweza kukubishia, na unaweza ukakaa hapo mpaka uzeeke.

Na kwetu kuna hili la mjomba. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, mnajua wenyewe, mtoto ni wa kwa mama na mjomba ndo nguzo. Mtoto anaumwa, mjomba. Likumbi, yaani jando, mjomba. Posa, mjomba. Mi naipenda mila hii kutoka moyoni na hasa baada ya kuona huku. Nimefunga macho ya wazee hapa ambao mtoto wao yuko mji huohuo na kaja siku ya pili kuchukua vitu. Mzungu amejibeba mwenyewe mpaka amebaki mwenyewe, hilo silitaki na msilitamani. Ila sisi mjomba tumemgeuza sehemu ya kujificha. Kila kitu kiko kwa mjomba kwaiyo wewe huna chako, hata kosa lako sio lako.

Na mjomba mwenyewe ndo mimi, nisiseme kama napita njia. Mpwa wangu ana miaka 24, shamba la mikorosho alilotuachia marehemu mama ndo analitunza yeye. Mwaka juzi nilimtumia laki tisa, ya kusafishia shamba na kununua mashine ya kupulizia. Msimu ukaja hamna kitu. Kwanza akasema moto umeingia shambani. Baadae salfa ilichelewa. Baadae fundi kamtapeli kwenye mashine. Nikatuma nyingine. Nilijua kabisa ananidanganya, nilijua, na nikatuma, sababu kutuma kunachukua dakika mbili kwenye simu na dada ananipigia ananiita mwanaume wa ukoo, lakini kukaa na mtoto nikamuuliza ukweli kunachukua usiku mzima na unaweza kuchukiwa. Huo ulikua uvivu wangu mimi, nikauita upendo. Watu wa diaspora wenzangu wengi mnalijua hili, tunanunua sifa kwa Western Union alafu tunalalamika nyumbani hawabadiliki.

Mwaka huu mwezi wa tano nikampigia nikiwa sina zamu. Sikumuuliza imekuaje, maana imekuaje tayari ina majibu yake, moto, salfa, fundi. Nilimsimulia kwanza habari ya barua juu ya friji. Sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani ile habari, wanajua mi huku mambo safi. Nikamwambia na ya kijiweni Magomeni. Alafu nikamuuliza we ulifanya nini na ile laki tisa. Akanyamaza, nikasikia majogoo tu na bodaboda zinapita. Akasema mjomba nakupigia. Hakupiga.

Siku ya tatu ikaingia voisi ya dakika nne. Anasema mjomba mashine sikununua, nilibeti. Sio mkeka ulichanika, nilibeti mimi, siku kumi na moja mfululizo. Alafu nikaogopa, korosho ikiwa bado maua nikaiuza kangomba, yaani kwa magendo nje ya mnada, kwa mtu ili nirudishe yako kabla hujauliza, na yenyewe nikabeti. Shamba halijaungua, ni pori tu sijaingia.

Niliisikiliza nimesimama kwenye korido ya kazini, nikaenda kukaa chumba cha kubadilishia nguo. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya asante, nikaandika asante mwanangu. Hela sikutuma na hakuomba. Jumamosi iliyofuata akaingia shambani na panga, akahesabu mikorosho mmoja mmoja. Iliyo hai 62, iliyokauka 9, na kila aliyoikuta imekauka alinitumia picha yake.