Mkulima mdogo hana shida ya mtazamo

Kila nikisikia mkulima mdogo akiambiwa abadili mtazamo ili alime kibiashara, najiuliza: mtazamo upi? Anayechanganya mahindi, maharage na mihogo kwenye ekari moja hajakosa akili ya biashara. Mvua ikigoma, mihogo itamvusha. Hiyo ndiyo bima yake.

Kwa hesabu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, dunia ina mashamba zaidi ya milioni 600, na zaidi ya asilimia 80 hayafiki hekta 2. Wengi wa wenye mashamba hayo wanauza tayari, ila wanauza wiki ile ile anayouza kila jirani, kwa kuwa ada ya shule na deni la mbolea havingoji. Miezi michache baadaye wanarudi sokoni kununua nafaka ile ile kwa bei iliyopanda. Mbegu bora peke yake haitibu hilo; mavuno yakiongezeka bila ghala, bei ya msimu inaporomoka zaidi.

Ningekuwa na fungu la kusaidia, ningeanzia baada ya mavuno. Mahindi yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13 hivi, la sivyo ukungu unaingia na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, nyuma yake. Huna kipimo? Chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu kidogo, tikisa, iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Hata isipogandia, mimi ningeongeza siku moja ya jua. Walau utakuwa na la kumjibu dalali anayeng'ata punje moja na kutangaza "hizi bado zina maji" ili ashushe bei. Kisha mifuko isiyopitisha hewa: wadudu humaliza oksijeni ya ndani na kufa bila dawa.

Mkopo nao ufuate zao. Mahindi huchukua miezi mitatu hadi mitano shambani. Ukidai marejesho kuanzia mwezi wa kwanza, utalipwa kwa kuku waliouzwa. Stakabadhi ya ghala, yaani hati ya nafaka uliyoiweka ghalani, ina nafuu: nafaka inakaa, nawe unakopa kwa dhamana ya karatasi.

Lakini bei si lazima ipande. Nafaka ya nje ikiruhusiwa kuingia ghafla, aliyesubiri ndiye anayeumia. Kwa hiyo simshauri mtu apeleke ghalani kila alichovuna: magunia ya kula yabaki nyumbani kwanza, mengine yauzwe mapema kulipa madeni, na yanayobaki ndiyo yasubiri.