Kamba ya Abri du Maras: inathibitisha nini, na inaishia wapi?

Mwaka 2020 mwanaakiolojia Bruce Hardy na wenzake walitangaza kipande cha kamba chenye urefu wa milimita 6.2 na unene wa nusu milimita, kilichonata chini ya jiwe la kuchongwa huko Abri du Maras, kusini mashariki mwa Ufaransa. Umri wake ni kati ya miaka 41,000 na 52,000, enzi za watu wa Neanderthal, jamaa wa kale wa binadamu waliokwisha kutoweka. Hapo hoja zikaanza kupaa: kumbe walijua kuhesabu, walikuwa na nyavu, mikeka, hata nguo.

Kwamba ni kamba, sina shaka. Nyuzi za gome la ndani la mti wa jamii ya misonobari ziligawanywa mafungu matatu, kila fungu likasokotwa upande mmoja, kisha yote yakapotwa pamoja upande wa pili. Mizizi haijisokoti hivyo. Fungu lililosokotwa hutaka kufumuka, na mpoto wa kinyume ndio unaolizuia. Ukipota upande uleule, kamba hujikunja mapindi na ukiiachia inafumuka. Hata malighafi ina masharti. Gome hubanduka vizuri utomvu unapopanda, kisha huloweshwa hadi tabaka ziachane. Likitolewa majini mapema nyuzi huwa ngumu na kukatika, likipitiliza huoza. Unapoongeza nyuzi, ncha sharti zipishane, la sivyo kamba itakatikia kwenye kiungo. Ufundi huu hurithishwa, haubahatishwi.

Lakini mkeka ni habari nyingine. Kusuka au kufuma kunahitaji nyuzi zinazokatizana, moja juu, nyingine chini, na kipande hiki hakina hata makutano mamoja. Ushahidi wa namna hiyo upo Pavlov, Jamhuri ya Cheki, ambako udongo ulioungua umehifadhi chapa za nyuzi zilizokatizana, zaidi ya miaka 25,000 iliyopita. Hoja ya hesabu ni dhaifu zaidi: mtoto husuka nywele kwa mafungu matatu kwa mazoea ya vidole, bila kuhesabu chochote.

Watetezi hujibu kwamba mimea huoza, hivyo ukimya wa ardhi si ushahidi. Ni kweli, na tunauzidisha wenyewe: jiwe likisuguliwa kwa maji na brashi mara linapochimbuliwa, nyuzi za ukubwa huu huondoka na maji. Mawe yakaguliwe kwa hadubini kabla ya kuoshwa, hasa upande uliolalia udongo. Yakipatikana makutano ya nyuzi, nitaukubali mkeka.