Programu ya kupimia unyayo wa kaboni: tarakimu ya nani?

Kwa mtengenezaji, programu ya simu inayompimia mtu unyayo wake wa kaboni, yaani jumla ya gesijoto zinazotokana na shughuli zake, huonekana kuwa kazi nyepesi. Shughuli huzidishwa kwa kigezo cha uzalishaji, yaani kiasi cha hewa ukaa kinachotoka kwa kila kipimo cha shughuli hiyo, na jibu hutoka kwa kilo za hewa ukaa: lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani kilo 2.3, na ya dizeli takribani kilo 2.7. Gesijoto nyingine hugeuzwa kuwa kipimo hicho hicho, kwa kuwa kilo moja ya methani, katika kipindi cha miaka 100, huongeza joto sawa na kilo 28 hivi za hewa ukaa. Hata vigezo vyenyewe havina siri. Serikali ya Uingereza huvichapisha kila mwaka. Ugumu uko katika kile ambacho tarakimu hiyo humwambia mtu, na zaidi katika kile inachomficha.

Wanaoitilia shaka wana hoja nzito. Dhana ya unyayo wa kiikolojia, yaani eneo la ardhi na maji linalohitajika kukidhi matumizi ya watu, iliasisiwa na wanataaluma William Rees na Mathis Wackernagel katika miaka ya 1990, lakini aliyelisambaza wazo la unyayo wa kaboni wa mtu mmoja mmoja ni kampuni ya mafuta ya BP, ambayo katikati ya miaka ya 2000 ililitangaza kwa nguvu na kuwawekea watu kikokotoo kwenye tovuti yake. Kwa mwenye kuchimba na kuuza mafuta, ilikuwa faida kubwa swali kuhama kwake na kwenda kwa mwenye kujaza tangi. Tena tunao ushahidi wa mwaka 2020, ambapo watu wengi duniani walibaki majumbani kwa sababu ya UVIKO-19 na ndege zikaegeshwa, na bado uzalishaji wa hewa ukaa duniani ulishuka kwa takribani asilimia 5 tu, kwa sababu mitambo ya umeme na viwanda vya chuma na saruji havikuzimika. Ikiwa badiliko kubwa kiasi hicho la mwenendo lilileta punguzo dogo hivyo, ni haki kuuliza programu ya simu italeta nini.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaohitimisha kwamba kipimo hiki ni upotevu wa muda. Ripoti ya IPCC, jopo la wataalamu wa tabianchi, ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba hatua za upande wa watumiaji zinaweza kupunguza gesijoto katika sekta za matumizi, kama vile usafiri, majengo na chakula, kwa asilimia 40 hadi 70 ifikapo 2050, ikilinganishwa na hali ya kutochukua hatua hizo. Lakini makadirio hayo yamefungamanishwa na sera, miundombinu na teknolojia, na sehemu hii haipaswi kuachwa kila yanaponukuliwa. Programu nayo hurekebisha makadirio mabaya tuliyo nayo vichwani. Mtu anayejibidiisha kuzima taa anaweza asijue kwamba safari moja ya ndege kutoka London hadi New York na kurudi humhesabia mamia ya kilo za hewa ukaa, kiasi ambacho taa za nyumba yake huenda zisikifikishe kwa mwaka mzima.

Sharti langu ni kwamba kipimo kiseme kweli kuhusu udhaifu wake. Uniti moja ya umeme nchini Poland, ambako makaa ya mawe bado yana nafasi kubwa, hubeba kaboni zaidi ya mara 10 ya uniti hiyo hiyo nchini Norwei, inayotegemea maporomoko ya maji. Programu inayotumia wastani mmoja kwa wote inakosea tangu mwanzo. Inayokisia kutokana na fedha alizotumia mtu inakosea zaidi, kwani atakayenunua koti la bei ghali lidumualo ataonekana mchafuzi kuliko anayenunua makoti ya bei rahisi. Kumwonyesha mtumiaji “kilo 14.37” katika hali hiyo ni kumdanganya; aonyeshwe kiwango cha chini na cha juu.

Suala la faragha ni zito vilevile. Ili kutofautisha basi na baiskeli, simu husoma mahali ulipo na mtikisiko wa mwendo wako; ili kujua manunuzi, hutaka kuingia katika akaunti ya benki. Mambo hayo yakikusanywa pamoja ni picha kamili ya maisha ya mtu. Hesabu zifanyike ndani ya simu yenyewe, hata kama betri itaumia kidogo.

Mji wa Lahti nchini Finland ulijaribu njia inayonivutia: katika mradi wa CitiCAP, wakazi waliojitolea walipewa mgao wa kaboni wa usafiri, programu ikatambua yenyewe walivyosafiri, na waliobakiza mgao wakapata zawadi. Thamani ya jaribio la namna hiyo naiona katika kuiunganisha simu na mamlaka ya mji. Programu ninayoiunga mkono ingegawa unyayo katika mafungu mawili, yale ambayo mtumiaji anaweza kuyaamua leo na yale yaliyoamuliwa na gridi ya umeme, barabara na nyumba aliyoikuta, kisha fungu la pili, likiwa limejumlishwa kwa maelfu ya watumiaji bila majina yao, lifikishwe kwa wanaopanga njia za mabasi na vyanzo vya umeme.