Gegedu la Goti Haliharibiki kwa Kuchakaa Peke Yake

Mtu akilalamika kwamba magoti yanamuuma na kukwaruza anapopanda ngazi, mara nyingi huambiwa kwamba gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika kwa sababu ya umri na kwamba hana budi kuvumilia. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini naliona pungufu kiasi cha kupotosha, kwa sababu linalichukulia gegedu kana kwamba ni soli ya kiatu, ilhali ndani yake mna seli hai zinazopokea habari na ambazo jeni zake husomwa au kunyamazishwa kulingana na habari hizo. Ninaamini kwamba afya ya kiungo inategemea sana usomaji huo wa jeni, na kwamba hatutaweza kulielewa gegedu, sembuse kulitibu, tusipoanza hapo.

Seli zenyewe ni chache mno. Katika gegedu la kiungo cha mtu mzima zinachukua asilimia chache tu ya ujazo. Sehemu kubwa inayobaki ni maji, nyuzi za protini iitwayo kolajeni ya aina ya pili, na aggrekani, ambayo ni protini kubwa yenye minyororo ya sukari inayovuta maji na kuliwezesha gegedu kubanwa kisha kurudi katika umbo lake. Humo hamna mishipa ya damu wala ya fahamu, na oksijeni ni kidogo. DNA ya seli hizo ni ile ile iliyomo katika seli za ini au za ngozi, kwa hiyo kinachozitofautisha ni jeni zipi zimewashwa, na katika hilo protini inayotangulia nyingine zote ni SOX9. Hiyo hushikamana na DNA kwenye sehemu zinazoendesha jeni ya kolajeni ya aina ya pili na ya aggrekani, ikisaidiwa na jamaa zake wawili, SOX5 na SOX6, na kuziamuru zifanye kazi. Kiinitete kisipokuwa na SOX9, seli zinazopaswa kukusanyika ili zianze kuunda gegedu hazikusanyiki kabisa.

Mwaka 1994 watafiti walionyesha kwamba hitilafu katika nakala moja tu ya jeni ya SOX9 husababisha ugonjwa uitwao kampomeliki displasia, ambapo mtoto huzaliwa na mifupa ya miguu iliyopinda na kifua chembamba, na wengi hufariki mapema kwa kushindwa kupumua. Nakala ya pili ni nzima, lakini haitoshi. Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo lenyewe: kuwa na jeni sahihi hakutoshi ikiwa haitoi kiasi kinachotakiwa, mahali panapotakiwa na kwa wakati wake.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa hoja hiyo unatokana na watoto wenye hali iitwayo Pierre Robin, ambao taya lao la chini ni dogo, ulimi hurudi nyuma hata kuziba njia ya hewa, na mara nyingi kaakaa huwa na ufa. Katika baadhi ya familia zenye hali hiyo, SOX9 ilichunguzwa ikakutwa haina kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwenye kipande cha DNA kilicho mbali nayo kwa zaidi ya herufi milioni moja, katika eneo pana lisilo na jeni yoyote ya kutengeneza protini, eneo ambalo zamani lingepuuzwa kama jangwa. DNA inapojikunja ndani ya kiini cha seli, kipande hicho cha mbali hukaribiana na jeni na kuichochea katika seli zinazojenga taya. Kikikosekana, taya huathirika huku miguu ikisalimika, kwa kuwa miguu ina vichocheo vyake vingine. Sijui mfano mwingine unaoeleza vizuri zaidi kwa nini kusoma jeni peke yake, bila kusoma maeneo yanayoiongoza, ni kusoma nusu ya habari.

Katika ncha za mifupa ya mtoto anayekua, seli za gegedu hupitia safari maalumu: hugawanyika, hujipanga kwa safu, huvimba, kisha huacha nafasi kwa mfupa. Hatua ya kuvimba huongozwa hasa na RUNX2, protini nyingine ya kuongoza jeni, inayowasha jeni ya kolajeni ya aina ya kumi na ya kimeng'enya MMP13 chenye uwezo wa kukata nyuzi za kolajeni. Ili seli zisikimbilie hatua hiyo kabla ya wakati, kuna mawasiliano ya kurudiana kati ya protini mbili, IHH na PTHrP, ya pili ikizichelewesha seli hadi zifikie idadi ya kutosha. Kipokezi kiitwacho FGFR3, yaani protini inayopokea ishara kwenye uso wa seli, nacho hufunga breki ya ukuaji, na kikifanya kazi kupita kiasi matokeo yake ni akondroplasia, aina ya kawaida zaidi ya ufupi unaotokana na mifupa. Dawa ya vosoritide, iliyoidhinishwa mwaka 2021, hupunguza nguvu ya ishara hiyo ndani ya seli za gegedu, nami naiona kuwa uthibitisho kwamba seli hizi zinaweza kuongozwa upya tukijua ni ishara gani ya kugusa.

Gegedu la kiungo cha mtu mzima halipaswi kupita katika safari hiyo. Linapaswa kubaki lilivyo maisha yote. Lakini katika osteoathraitisi, ugonjwa wa kuharibika kwa viungo ambao Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa na watu milioni 528 mwaka 2019, baadhi ya seli huanza kutenda kama zile za mfupa unaokua: MMP13 inapanda, kolajeni ya aina ya kumi inajitokeza, na kimeng'enya ADAMTS5 kinaikata aggrekani. Seli zenyewe zinashiriki kulibomoa gegedu zilizolijenga. Panya walioondolewa mikroRNA iitwayo miR-140, yaani kipande kifupi cha RNA kinachonyamazisha jeni, ambayo kwa kawaida huizuia ADAMTS5, hupata ugonjwa huu mapema. Kwa binadamu, utafiti wa wanasayansi wa Japani uliochapishwa mwaka 2007 ulihusisha hatari ya ugonjwa na tofauti ya herufi moja karibu na mwanzo wa jeni ya GDF5, tofauti isiyobadilisha protini bali inayopunguza kiasi chake.

Sikatai kwamba uzito wa mwili na majeraha ya zamani vina sehemu yake. Ninachosema ni kwamba hata mzigo huo hufika kwenye jeni, kwani seli za gegedu huhisi mgandamizo: ule wa wastani na wa kupishana huzisaidia kutunza gegedu, na ule wa kupindukia huwasha vimeng'enya vya kubomoa. Ndiyo maana naona si haki kumwambia mgonjwa aache kutembea ili asimalize gegedu lake. Ni vivyo hivyo kwa kumwahidi nafuu kwa vidonge vya kolajeni, ambayo ikimezwa husagwa tumboni kama protini nyingine, kwa hiyo haiwezi kwenda kuziba pengo la goti.

Ugumu wa kweli uko kwenye tiba. Tangu mwaka 1982 inajulikana kwamba seli za gegedu zikioteshwa kwenye sahani bapa hupoteza tabia yake na kutoa kolajeni ya aina ya kwanza, kisha zikiwekwa ndani ya jeli ya agarosi huirudia hali yake ya awali. Basi hata upandikizaji wa seli unategemea kuzihifadhia mazingira yanayoulinda utambulisho wake. Protini ya sprifermin, kwa upande wake, iliongeza unene wa gegedu la goti katika majaribio kwa wagonjwa, lakini maumivu hayakupungua kuliko kwa waliopewa dawa bandia. Kwa hiyo ningependa majaribio yajayo yasiishie kwenye kupima unene kwa picha. Yapime pia iwapo seli zimerudi kusoma jeni za kutunza gegedu, na yawachague wagonjwa kwa kuangalia ni udhibiti upi uliovurugika kwao, kwa kuwa si lazima magoti mawili yanayofanana kwenye eksirei yawe yamefika hapo kwa njia moja.