Deksamethasoni haina kazi kwenye kiharusi

Kila ninapoiona deksamethasoni, sindano ya kutuliza uvimbe, kwenye karatasi ya dawa ya mgonjwa wa kiharusi, roho inaniuma. Ndugu wamechangishana, dawa imenunuliwa, na wote wanaamini uvimbe wa ubongo unapungua. Haupungui.

Mazoea haya yana chanzo chake. Mwaka 1961 madaktari wa Marekani walionyesha kuwa dawa hii hutuliza uvimbe unaozunguka saratani kwenye ubongo, na hadi leo kazi hiyo inaifanya vizuri. Uvimbe wa kiharusi kinacholetwa na mshipa kuziba ni mwingine. Seli zikikosa damu huishiwa nguvu ya kusukuma chumvi nje. Chumvi hubaki ndani, maji huifuata, seli zinafura. Hapo deksamethasoni haifiki. Inachofanya ni kupandisha sukari na kufungulia mlango maambukizi, tena kwa mtu ambaye mara nyingi ana kisukari tayari. Miongozo ya Marekani inasema wazi asipewe.

Manitoli angalau ina nafasi yake. Huvuta maji kutoka kwenye ubongo yaingie kwenye damu, na kwa mgonjwa anayeanza kupoteza fahamu yaweza kununua muda. Muda wa saa, si wa siku. Kumtundikia mtu anayeongea vizuri chupa baada ya chupa, figo hazijapimwa, sikubaliani nako kabisa. Glibenklamidi, dawa ya kisukari, ikitolewa mshipani nayo ilitiliwa matumaini makubwa. Jaribio la CHARM lililochapishwa 2024 halikuonyesha kwamba wagonjwa walipona vizuri zaidi.

Kilichookoa maisha ni kufungua fuvu ili ubongo upate pa kufuria. Majaribio matatu ya Ulaya yaliyojumlishwa mwaka 2007 yalihusu wagonjwa wasiozidi miaka 60 wenye kiharusi kikubwa. Waliopasuliwa ndani ya saa 48, asilimia 78 walikuwa hai baada ya mwaka, wasiopasuliwa, 29. Wengi hubaki na ulemavu, na familia ina haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kutia saini.

Uvimbe hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tano. Kwa hiyo daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo apigiwe simu siku ya kwanza, mgonjwa akiwa bado anaitika jina lake. Kwa aliye mkoani, siku inayopotea kusubiri sindano ifanye kazi ndiyo siku ambayo angekuwa njiani kwenye gari la wagonjwa.